M1 Garand: kutoka risasi 8 hadi 20, na yaliyowakuta waliojaribu

Mtutu Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa bunduki za G3 na FAL kuna mdau aliuliza swali, likapotelea katikati ya ubishi: kama bunduki ni nzuri na kasoro yake ni risasi chache, si waibandikie tu magazini (kile kiboksi cha risasi) kubwa, yaishe? Swali lina uzito kuliko lilivyopokelewa. Kuna bunduki moja iliyofanyiwa jambo hilo na mataifa matatu, kila moja kwa njia yake, na kila moja likavuna chake.

Bunduki yenyewe ni M1 Garand. Aliyeibuni ni John Garand, mzaliwa wa Quebec, Kanada, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha serikali ya Marekani cha Springfield Armory. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1936. Wakati huo askari wa kawaida wa Ujerumani alikuwa na Mauser ya risasi 5 anayoikoki kwa mkono kila anapopiga, Mjapani Arisaka ya 5, Mwingereza Lee-Enfield ya 10. Mmarekani akaja na ya 8 inayojikoki yenyewe: unavuta traiga tu. Hadi Vita vya Pili vinaisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 4.

Tatizo ni hiyo 8. Risasi zinafungwa pamoja kwenye klipu ya bati, unaizamisha yote kupitia juu ya bunduki, boliti (chuma kinachosukuma risasi chumbani na kukifunga) inajifunga. Ukipiga ya mwisho, klipu inaruka juu na mlio wa "ting!" na boliti inabaki wazi ikisubiri nyingine. Ni haraka kweli. Ila ukishapiga 3 na adui ametulia, kuongezea hizo 3 ndani ya klipu iliyomo ni usumbufu mtupu. Wengi walimalizia tu au walitoa klipu nzima wakaweka nyingine.

Kwa nini hakuweka magazini ya kuchomoa toka mwanzo? Wakubwa hawakutaka kitu kinachochomoza chini ya bunduki. Kinaharibu gwaride, kinaingiza uchafu, na askari atakipoteza. Fundi akafanya alichoagizwa.

Naendelea baada ya muda mfupi, kuna mteja dukani.

Kopo la Chai

Nimeshaweka kambi. Siti ya mbele hii, asikae mtu.

Bibi Kidawa

Nakusubiri mwanangu. Ila usituache njiani kama ule uzi wa manowari.

Mtutu Baridi

Nimerudi. Tuingie ndani ya bunduki, maana majibu yako humo.

Ukiilaza Garand mezani ukaifungua, cha kushangaza ni springi. Ipo moja ndefu, imelala chini ya mtutu. Mwisho mmoja inasukuma fimbo inayorudisha boliti mbele. Mwisho wa pili inasukuma vijimkono vinavyoinua risasi kutoka chini kwenda juu. Springi moja inafanya kazi mbili, na ndiyo maana bunduki ile ni nyembamba tumboni.

Sasa sema unataka magazini ya 20. Magazini huja na springi yake, kwa hiyo vile vijimkono vyote na kitasa cha klipu vinatoka. Chuma cha chini kinakatwa kupisha boksi. Unatafuta pa kuweka lachi ya kuishika magazini, na kitu kipya cha kuizuia boliti nyuma risasi zikiisha, kwa kuwa kazi hiyo ilitegemea ile klipu. Mpaka hapo bado ni kazi ya fundi.

Ugumu upo kwenye muda. Risasi moja ya .30-06 ina kama gramu 26, kwa hiyo 20 ni nusu kilo na ushee. Boliti ikirudi nyuma, springi ya magazini inatakiwa kuinua nusu kilo hiyo, risasi ya juu iwe imeshafika mdomoni kabla boliti haijarudi mbele. Boliti ikiwahi, inapita juu na kufunga chumba kitupu, au inaikuta risasi imeinuka nusu na kuigonga ubavuni. Hapo imekwama. Ukisema uweke springi kali zaidi, magazini ikijaa risasi zinabana juu kwa nguvu na boliti inapata shida kuivuta ya kwanza. Springi ileile inatakiwa ifae zikiwa 20 na ifae ikibaki 1.

Mwaka 1944 jeshi likamwambia Garand aifanye M1 ipige moja moja na rapidi (mfululizo ukishikilia traiga), magazini ya 20. Jina la majaribio T20. Kampuni ya Remington nayo ikapewa kazi hiyohiyo, ya kwao ikaitwa T22. Kwa kuanzia kulikuwa na magazini ya BAR, ile bunduki ya rapidi ya kikosi, ambayo tayari ilikuwa ya 20 na ya risasi zilezile. Zikapelekwa Aberdeen, Maryland, ambako Wamarekani hujaribia silaha zao.

Toleo lililofuata likatengenezewa mwili mrefu zaidi, kama milimita 8 hivi, ili boliti iende nyuma zaidi na risasi ipate muda wa kupanda. Milimita 8 tu! Lakini mwili ukishaongezeka urefu, hiyo si Garand uliyoichukua stoo ukaikata kata. Ni mwili mpya unaotoka kiwandani. Hapo ndipo "bandika tu magazini" inapofia.

Na kichekesho: magazini ya toleo hilo, T20E2, iliingia kwenye BAR na kufanya kazi, ila ya BAR haikufunga kwenye T20E2.

Kamanda wa Mtaa

Mkuu nondo nzito, ila mbona siku hizi watu Marekani wanaweka magazini kwenye hizo Garand za zamani na zinapiga? Usitishe watu.

Mtutu Baridi

Zinapiga, sijakataa. Kupiga uwanjani siku ya Jumamosi na kupiga kwenye tope baada ya miezi mitatu bila fundi ni mambo mawili. Jeshi halijaribu kama inapiga. Linaimwagia mchanga, linailoweka, linaigandisha, halafu linahesabu imekwama mara ngapi kwa kila risasi elfu.

Mwana wa Kusini

Wakuu mimi niko Minnesota, nimebahatika kuzishika zote mbili uwanja mmoja. Jirani yangu ni mzee mkusanyaji, ana Garand na ana BM59 ya Beretta toleo la kiraia, ambayo ni Garand ya Kiitaliano yenye magazini ya 20. Ya kiraia haina rapidi. Huku silaha za rapidi zilizotengenezwa baada ya 1986 raia haruhusiwi kabisa.

Garand kwanza. Kuijaza kunataka moyo. Unashikilia kile kishikio cha boliti kwa kiganja, unasukuma klipu kwa dole gumba mpaka isikike imeshika, halafu unatoa dole haraka maana boliti inarudi kwa hasira. Mzee alinionyesha ukucha wake, una alama mpaka leo. Ukishazoea ni sekunde. Na bunduki ina tumbo laini, unaibeba kwa mkono mmoja pale katikati inapojisawazisha, hakuna kinachokugonga.

BM59: magazini unaianzia mbele, unaingiza ncha yake kwenye ndoano, kisha unaivuta nyuma mpaka ilie. Ukiisukuma moja kwa moja kutoka chini haiingii, utahangaika mpaka kesho. Ikishakaa, ule mshiko mzuri wa katikati umekufa, maana chuma cha magazini kiko palepale mkono unapotaka kwenda.

Kulala chini ndiko nilikoiona tofauti. Garand unalala nayo bapa kabisa. Na hii nyingine magazini inagusa mkeka, unajikuta umeinua viwiko na kichwa. Nikamuuliza mzee, kumbe kuna watu kuweka magazini chini kwenye udongo wanafanya kama stendi, na yeye hapendi kabisa kwa vile inasukumwa na lachi inachakaa.

Lakini kupiga, ndugu zangu, raha. Nilipokuwa nimezoea kusikia "ting" nikaendelea tu kulenga. Sehemu ya mbao karibu na mtutu ilikuwa imepata joto mpaka mafuta ya mbao yananuka, na bado risasi zimo. Mtutu wake ni mfupi kuliko wa Garand, kelele yake inaingia mpaka kwenye meno japo una vizuia sauti masikioni. Haikukwama. Mzee anasema iliwahi kukwama kwa magazini moja iliyobonyea mdomo. Alipoitupa ile magazini, tatizo likaondoka nayo.

Msee wa Nakuru

Hiyo ya mdomo kubonyea ni ukweli mtupu. Hapa Kenya G3 inajulikana, magazini 20 pia. Binamu yangu alikuwa polisi reservist kule Samburu, alikuwa anasema bunduki haina makosa, makosa ni ya magazini. Alikuwa nayo moja haazimi mtu hata kwa dawa.

Lakini nauliza, mbona zote ni 20? G3 ni 20, FAL 20, M14 20, hii ya Italy 20. Nani aliwaambia?

Mtutu Baridi

Mwana wa Kusini, hiyo ya kuinua viwiko imemjibu Msee wa Nakuru. Risasi hizi ni nene na ndefu. Ukizipanga 20 kwa safu mbili unapata boksi ambalo askari aliyelala bado anaweza kuishi nalo. Ongeza ziwe 30 anakuwa kama amesimamishwa na jeki. Kuna na uzito: magazini ya M14 ikijaa ni kama gramu 700, na klipu ya Garand yenye 8 haifiki robo kilo. Mkanda wa askari wa Garand ulibeba klipu 10, risasi 80, na klipu ikishatoka ilitupwa. Magazini hutupi, unarudi nayo ikiwa tupu na bado ni mzigo. Ndiyo maana waliobadilisha hizi bunduki waliacha njia ya kuijaza magazini ikiwa imo ndani, kwa kusukumia risasi 5 5 kutoka juu. M14 ina huo mlango, BM59 pia.

Turudi Marekani. Mei 1945 T20E2 ilikubaliwa, zikaagizwa 100,000 kwa ajili ya vita vya Pasifiki. Agosti Japani ikasalimu amri, oda ikafutwa zikiwa zimetoka chache mno. Kisha vikaja vikao. Risasi fupi ya 7.62 ya NATO, majaribio Fort Benning, bunduki ya Ubelgiji FAL ikishindanishwa na mjukuu wa Garand aliyeitwa T44. Baridi ya 1953 kuelekea 1954 wakazipeleka Alaska, FAL ikasumbuka kwenye baridi ile, T44 ikapata uhai. Mei 1957 ikatangazwa kuwa M14. Kutoka oda ya kwanza mpaka hapo ni miaka 12, na ukizitazama T20E2 na M14 kwa haraka unaona Garand yenye magazini.

Na hapa nina ugomvi nao. Magazini ya 20 ilikuwa sahihi, sina neno. Wao waliifunga pamoja na rapidi kwenye kifurushi kimoja. Walitaka bunduki moja ifanye kazi ya Garand na ya BAR. BAR ilikuwa na karibu kilo 9. M14 ina kama kilo 4. Risasi nguvu ni ileile, kasi ni kama 700 kwa dakika, maana yake magazini nzima inaisha chini ya sekunde 2, na ya kwanza ndiyo uliyoilenga. Nyingine zinapanda mawinguni. Mwisho wa siku M14 nyingi ziligawiwa askari zikiwa zimefungwa swichi, zinapiga moja moja tu. Yaani miaka 12 ya majaribio wakatoa Garand yenye magazini ya 20, ambayo wangeweza kuipata mapema zaidi kama wasingeng'ang'ania rapidi.

Kamanda wa Mtaa

Ni rahisi kusema ukiwa kwenye keyboard mwaka huu. Wale walikuwa wametoka kupigana na Wajerumani wenye StG 44 ya risasi 30 inayopiga rapidi. Ungekuwa wewe ungeomba rapidi pia.

Mtutu Baridi

Ningeomba, na ningepewa risasi ya StG 44, iliyokuwa fupi na dhaifu zaidi kwa makusudi. Hilo ndilo walilolikataa. Huwezi kutaka rapidi ya Mjerumani kwa baruti ya BAR.

Kopo la Chai

Kamanda leo kakalishwa 😂 Mtutu endelea, umesema mataifa matatu.

Mtutu Baridi

Japani haina maneno mengi. Jeshi lao la majini, karakana ya Yokosuka, waliinakili Garand mwishoni mwa vita kwa risasi yao ya 7.7. Ile klipu ya Kimarekani haikukubaliana na risasi zao, wakaiondoa, wakaweka magazini ya ndani ya 10 inayojazwa kwa klipu mbili za 5. Inachungulia kidogo tu chini ya mbao. Vita viliisha kabla haijafika mikononi mwa askari.

Italia ndiyo ninayoipenda. Baada ya vita Beretta walikuwa wakitengeneza Garand kwa leseni, na mashine za Winchester zilizokuwa zikizalisha Garand zilivuka bahari kwenda kwao. Ilipokuja risasi ya NATO wakajiuliza swali la mwenye hela kidogo: tulichonacho kinafaa kiasi gani? Risasi mpya ina ganda la milimita 51, ya zamani 63. Ni fupi kwa milimita 12. Mwili wa Garand ulikuwa umetosha risasi ndefu, kwa hiyo boliti ilikuwa na nafasi ya ziada bila kurefusha chochote. Ile shida iliyomfanya Garand aongeze mwili, kwao ilipungua yenyewe. Wakafupisha mtutu, wakaweka magazini ya 20, BM59 ikakubaliwa na jeshi lao mwaka 1959. Ikatoka ya askari wa milimani Alpini yenye kitako cha kukunja, na ya maparatrupa. Waliweka rapidi nao, nayo ilirusha kama ya wenzao, wakaiwekea kizuizi mdomoni na miguu miwili ya kusimamishia. Ila hawakujenga jeshi zima juu ya matumaini hayo. Ilikaa kazini mpaka 1990 walipoleta AR70/90.

Marekani walikuwa wameahidiwa kwamba M14 ingetumia mashine za Garand zilizokuwepo. Haikuwa hivyo, viwanda vilihitaji vifaa vipya kwa wingi. M14 kama milioni 1.38 zilitoka, na 1963 McNamara, waziri wao wa ulinzi, akasitisha.

Mzee wa Keya

Vijana, nimesoma yote kimya kimya. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa King's African Rifles, alifika Burma 1944 bonde la Kabaw na Divisheni ya 11. Walikuwa na Lee-Enfield ya risasi 10 na Bren moja, bunduki nyepesi ya rapidi, kwa kila seksheni. Alikuwa akisema Lee-Enfield magazini haichomolewi, ukiichomoa sajenti anakuchomoa wewe. Sasa nauliza, ile Lee-Enfield ya risasi za .303 haikuwahi kuongezewa?

Mtutu Baridi

Shikamoo mzee wangu, na Mungu amlaze pema marehemu.

Iliongezewa. Ilianza Lee-Metford mwaka 1888 ikiwa na 8, miaka michache baadaye wakapanga risasi safu mbili ikawa 10, na hapo ikagota. Vita vya Kwanza walitengeneza magazini ya 20 kwa ajili ya mahandaki, zikatoka chache. Sajenti wa baba alikuwa sahihi: magazini ya Lee-Enfield huchomolewa kwa kusafisha, kila moja ililainishwa ikae kwenye bunduki yake. Ukiazima ya mwenzako inaweza kukataa. Kujaza ni kwa klipu za 5 kutoka juu.

Ugumu mwingine wa .303 ni ule ukingo wa kitako cha risasi unaotokeza. Ukizipanga vibaya, ukingo wa ya juu unaingia nyuma ya ukingo wa ya chini, zinashikana, haisongi kitu. Kadiri unavyozidisha risasi ndivyo unavyozidisha nafasi ya kosa hilo. Ndiyo maana magazini ya Bren imepinda vile. .30-06 ya Garand haina ukingo huo, wabunifu wake walianza wakiwa mbele.

Ila yupo aliyeivamia. Philip Charlton wa Hastings, New Zealand, mwaka 1941. Bren zao zilikuwa zimekwenda Mashariki ya Kati na Mjapani yuko njiani. Akachukua Lee-Metford na Lee-Enfield kuukuu za stoo, akazifunga bomba la gesi ubavuni, zikawa zinapiga zenyewe, na magazini ya Bren ya 30 iliyorekebishwa ikapachikwa chini. Zilitengenezwa kama 1,500 kwa ulinzi wa nyumbani. Ukiona picha yake unadhani ni jenereta limeangukia bunduki. Baada ya vita karibu zote ziliteketea kwa moto kwenye ghala la Palmerston North.

Mzee wa Keya

Marahaba. Umenikumbusha, alikuwa akiiga na mlio wa Bren kwa mdomo.

Kamanda wa Mtaa

Swali la mwisho kabla sijalala. Zaidi ya Italia nani mwingine alichukua BM59? Isije kuwa ni bunduki ya nchi moja unaisifia hapa.

Mtutu Baridi

Indonesia waliizalisha Bandung kwa leseni, kiwanda cha Pindad, wakaiita SP1. Nigeria nao walipewa leseni miaka ya 60, kabla ya vita vya Biafra kuvuruga mipango.

Bibi Kidawa

Na huyo Garand mwenyewe, kwa bunduki milioni nne si alikufa tajiri?

Mtutu Baridi

Hapana, bibi yangu. Alikuwa mwajiriwa wa serikali, hati za ubunifu wake aliikabidhi serikali mwaka 1936 bila kudai senti kwa kila bunduki. Kuna muswada ulipelekwa Bunge la Marekani apewe dola 100,000, haukupita. Alistaafu 1953, akafariki 1974.

Kopo la Chai

Kiinua mgongo hicho nakijua. Mtutu, ule wa manowari unamalizia lini?